Subiri Nipate Likizo

14 Februari

Kitinda mimba wangu,

Natumaini u mzima na huo mgongo umepunguza vituko. Mimi sijambo, ila magoti ni yaleyale, kila moja na tabia yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nakwenda kumwona baba yako. Kiinua mgongo changu kimetoka, na kabla hakijaishia kwenye dawa za magoti nataka kufika pale walipomzika. Tangu augue melini kwenye sufuria zake za upishi na kufia ugenini, wewe hata kutambaa hujaanza, nimekuwa mjane wa picha. Picha moja ya kaburi waliyoniletea watu wa kampuni ya meli, basi. Nitakwenda peke yangu, na nikitoka huko nitapanda treni nije kwako.

Usicheke, mipango imeiva. Pale ofisi ya pasipoti mashine ilivikataa vidole vyangu. Kufua mashuka ya hospitali kwa dawa za madoa kumefuta mistari yote. Karani akaniuliza, "Mama, una uhakika hivi ni vya kwako?" Nikamwambia nimetoka navyo nyumbani. Mwishowe mashine ikakubali dole gumba la kushoto. Na kila Jumamosi naenda lile duka kubwa kufanya mazoezi ya ngazi ya umeme, maana nasikia viwanja vya ndege vimejaa ngazi hizo. Mlinzi ameshanizoea, ananiita rubani.

Mama yako

10 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unajikongoja, usiufikirie. Barua yako niliisoma chumba cha kubadilishia nguo, nimesimama, nikacheka hapo kwa rubani halafu nikaingiwa na woga.

Tafadhali usije peke yako. Unaijua kazi yangu. Kutwa nawaogesha wazee, nawalisha, nawatafuta wakipotea kati ya chumba cha kulia na choo. Wiki hii bibi mmoja, mwalimu mstaafu, tulimkuta kituo cha basi na gauni la kulalia kwenye baridi, anamngoja dada yake aliyekufa zamani. Nikikufikiria na mkoba wako katika uwanja wa ndege ambao hata mimi unanichanganya, sipati usingizi.

Subiri nipate likizo. Mwezi wa saba nitakupokea uwanja wa ndege, twende kaburini pamoja. Baba yupo tu, hatakwenda popote.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu za hapa ni njema, mvua imetukalia kooni lakini tunapumua. Sijapenda kufananishwa na hao wazee wako wa kuogeshwa. Bado najiogesha, na mgongo naufikia.

Haya, nitasubiri. Naona umeogopa kweli, na sitaki unikondee. Lakini nijibu jambo moja. Ulishaniambia kutoka kwako mpaka aliko ni treni ya asubuhi na unarudi jioni. Mbona hujawahi kwenda hata kumng'olea majani?

Mama yako

20 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa kuandika. Nimekuwa nikikwepa kukwambia kwamba likizo imefutwa. Wenzangu wameacha kazi na msimamizi ametukatalia wote. Kasema Desemba, bila shaka.

Uliniuliza kuhusu baba. Simkumbuki, mama. Nitasimama pale nimwambie nini? Naogopa nitasimama kama mtu anayengoja basi. Nataka uwepo wewe, unitambulishe kwake. Vumilia kidogo.

Mwanao

11 Desemba

Mama,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Likizo ya Desemba wamepewa wenye watoto wadogo. Subiri baridi ipite, nakuomba.

Mwanao

19 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Mimi nimefika salama. Nakuandikia nikiwa nyumba ya wageni, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Sikukuaga kwa sababu ungeniambia nisubiri. Kuhusu uwanja wa ndege uondoe wasiwasi, niliuliza nikaelekezwa.

Jana nilikwenda makaburini na picha yangu. Safu niliipata, hata mti wa pichani upo, umenenepa tu. Lakini jiwe lilikuwa jipya, na jina lake la mwanamke. Nikadhani nimekosea, nikaizunguka safu hiyo mpaka magoti yakagoma. Mtunza makaburi akanifuata. Tukazungumza kwa ile simu yangu inayotafsiri, akisema yeye inanieleza, nikisema mimi inamweleza. Kumbe huku kaburi hupewi, unaazimwa. Kampuni ya meli ililipia muda, na muda umeisha. Akasema jiwe hawaliondoi hivihivi. Hubandika kikaratasi, kikakaa mwaka mzima, ili ndugu akija akione aseme neno. Cha baba yako kilibandikwa Januari ya mwaka jana, na Januari hii wakaliondoa jiwe. Nikamwuliza, kama angetokea mtu mmoja tu? Akasema hata kwa simu ingetosha. Mifupa haikuguswa. Imo bado, na huyo mwanamke amelazwa juu yake.

Mwanangu, nakulaumu. Najilaumu na mimi, maana miguu ilikuwa yangu nikakuachia wewe uniamulie. Lakini ulikuwa karibu naye, na wakati wote huo kikaratasi kilikuwa pale kinapigwa na baridi.

Mtunzaji alipoondoka nilikaa chini nikalia kwa sauti, bila kujali nani ananisikia. Akaja mzee mmoja na maua, akanikuta kwenye kaburi la mkewe. Nilijua atanifukuza. Alinitazama, kisha naye akaanza kulia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia maneno mengi kwa upole. Sikuhitaji tafsiri. Alikuwa ananishukuru. Alidhani nilimfahamu mkewe, kwamba yuko mtu mwingine anayemlilia. Simu ilikuwa mkobani na sikuitoa. Alinigawia nusu ya maua yake, tukayapanga pamoja, yake upande wake, yangu upande wangu. Yangu nilikuwa nampelekea baba yako huko chini alipo, na mzee akawa ananiitikia kwa kichwa.

Kwako sitapitia. Tiketi ya treni nimeirudisha asubuhi hii. Nikikuona sasa nitatamka neno ambalo baadaye hatutaweza kulifuta, nawe ndiye kifungua mimba na kitinda mimba wangu, sina mtoto mwingine. Ukipiga simu usiku sitapokea, si kwamba nimekufa. Niache nirudi nyumbani nifunge mlango nikae chini, maana miaka yote hii nilijiita mjane, na naona ndiyo kwanza nimefiwa.

Mama yako