Kioo Nilichokisugua kwa Majivu

Jumatatu, 8 Agosti 1955
Nimesugua vioo kumi vya taa za kanisa kwa majivu. Agata, mkwe wangu, kasugua viwili tu, kimoja kikabaki na moshi. Nimemgombeza. Mwalimu kaazima taa ya picha kutoka Mbeya, na sanduku la picha za vioo. Maonyesho makubwa ya dunia, huko Ulaya, ya zamani. Jumamosi ataziangaza ukutani, mtaa wote wa Mlandege uje. Sanduku kanikabidhi mimi. Angempa nani mwingine?

Jumanne, 9 Agosti
Vioo vina vumbi. Aibu gani hii. Nikapangusa vyote. Kimoja kilikuwa na madoa, nikakipa majivu. Kikang'aa kweli. Picha haipo tena! Lilikuwa gurudumu kubwa la chuma, watu wamekaa ndani yake, juu kuliko nyumba. Nimekificha chini ya mahindi.

Alhamisi, 11 Agosti
Agata kavunja kikombe, nimeshindwa kumgombeza. Akadhani naumwa. Mwalimu akijua, ufunguo wa stoo ya taa atampa mtu mwingine. Miaka tisa ninao mimi. Sitaki.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimekipitisha kioo juu ya moshi wa kibatari, kikawa cheusi tii. Nikachora gurudumu kwa sindano yangu ya kusukia vikapu. Nimeanzia katikati, nikatoa mistari, nikazungusha, kama naanza kitako cha kikapu. Mkono haujui njia nyingine. Kisha nikampelekea mwalimu, nikasema yote.
"Bibi, majivu?"
"Majivu. Na usinicheke."
Akacheka. Lakini akasema mwenye sanduku anakuja kesho kutoka Mbeya. Akikasirika, ufunguo nirudishe.

Jumamosi, 13 Agosti
Watu hadi madirishani. Majumba meupe, maji yanaruka juu, wote kimya kama kwenye ibada. Likaja gurudumu langu. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Jamani, si kikapu cha bibi hicho!" Wakacheka mpaka benchi likaanguka. Nilitaka kutoka. Mwenye sanduku, mzee Mnyakyusa, akaomba lirudishwe ukutani. Likarudishwa mara tatu!

Jumapili, 14 Agosti
Mzee kaondoka na basi la Mbeya. Kioo changu kakifunika kwa kioo kingine, masizi yasifutike. Ufunguo ninao.
Jioni Agata kasugua taa. "Kwa majivu, mama?" Ana adabu gani huyu. Tukacheka sote.
Kioo kimoja kimebaki na moshi. Nimekiona. Nimenyamaza.