Jumamosi Mume Wangu Atajua Sijawahi Kuendesha Lori

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, na kama utanigombeza nigombeze tu, nimezoea, nilikaa jeshini miaka kumi na moja na kule hakuna anayekuomba kitu kwa upole. Nimeshatoka zamani, nina mume fundi wa magari, tuna binti mmoja mkubwa, na mimi nashona mapazia ya watu nyumbani. Balaa langu lilianza siku niliyopelekwa kwa mama mkwe kutambulishwa, nimekaa kwenye kochi magoti nimeyabana, mara wifi yangu mkubwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Eti jeshini wanawake mnafanya nini hasa? Si mnapika na kufua tu?" wakacheka, na mimi kwa hasira nikajibu, "Mimi nilikuwa dereva wa lori," mama mkwe akaniongeza chai, na tangu siku hiyo, mshauri, mimi ni dereva wa lori.

Sikuwa dereva, nilikuwa dobi. Nimefua magwanda kwenye mapipa mpaka ngozi ya vidole ikaisha, nimepiga pasi, nimeshona vifungo, na lori nililijua kwa nyuma tu, nikipandishwa pamoja na mabunda ya nguo chafu. Hata baiskeli inanishinda. Sasa mume wangu ndiyo hasikii wala haoni, kila mgeni akiingia anaambiwa, "Huyu mke wangu mnayemwona ameendesha lori la tani kumi kwenye matope," na akija wifi ndiyo anaongeza sauti. Zamani aliniita gereji nimsaidie kupiga rivasi gari la mteja, nikasema macho yananiuma, mara ya pili nikasema kiuno, hakuniita tena. Binti yetu akiwa darasa la nne aliandika insha juu ya lori langu akapewa alama zote, insha ninayo kabatini, na kila nikifungua kabati naona aibu mpaka natamani kuuza kabati.

Basi mwaka huu kikundi chetu cha wanawake tuliokuwa jeshini, tuko watano, tumepewa ukumbi wa kuonyesha kazi za mikono yetu. Kapteni anachora milima kwa rangi ya mafuta, nesi anafinyanga mikono ya udongo, aliyekuwa mtu wa redio anasuka ndege kwa nyaya za shaba, na sajini wa jikoni anachonga mbao. Mimi nina shuka. Ngoja nikueleze, maana bila hili hutanielewa. Kule jeshini kila nguo ilikuwa na kitambaa kidogo chenye namba, kimeshonwa ndani ya kola, ili ikishafuliwa irudi kwa mwenyewe. Mwenyewe akifa, amri ilikuwa nifumue kile kitambaa nikitupe, gwanda apewe mwingine. Nguo zake za kiraia nilizifua na kuzikunja zikatumwa kwao, na kama kifungo kimekatika nilishona cha jeshi, maana vingine hatukuwa navyo. Kufumua nilifumua, lakini kutupa nilishindwa. Nilivitia kwenye kopo la majani ya chai, nikatoka jeshini na kopo ndani ya begi, vitambaa arobaini na vitatu, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliona lile kopo.

Mwaka jana nikachukua shuka jeupe nikadarizi kamba ya kuanikia nguo kutoka upande huu hadi ule, kwenye kamba nikadarizi mashati kwa uzi wa kijani, arobaini na matatu, kila shati nikalishonea namba yake penye kola. Nyumbani nilisema ni pazia la mteja. Imenichukua miezi saba, na ndicho kitu pekee maishani nilichokitengeneza bila kuagizwa na mtu, na nakipenda, mshauri, sioni haya kusema.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kutundika. Kapteni aliuliza, "Tunaanza na nani?" na sisi tukabeba tu vitu vyetu, kila mtu akasimama mahali pake. Tukatundika, tukaacha urefu wa mkono kati ya kazi na kazi, mistari imenyooka. Mwenye ukumbi, mwanamke wa kiraia mwenye kalamu sikioni, akaja akatembea kutoka mlangoni mpaka mwisho, akarudi, akauliza, "Samahani, hizi mmezipanga kwa utaratibu gani?" Ndipo tukaona. Tulikuwa tumejipanga kwa vyeo! Kapteni ukuta wa mbele, sajini anafuata, na mimi ambaye sikuwa na hata mstari mmoja begani nimeishia kwenye korido, kati ya mtungi wa kuzimia moto na mlango wa choo. Miaka ishirini tumekuwa raia na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Mwenye ukumbi akalitazama shuka langu muda mrefu, akasoma namba kwa kidole, akasema hili linakaa ukuta wa mbele, mtu akifungua mlango akutane nalo. Kapteni akasema, "Pale ni pangu, nimeshapima." Halafu akanigeukia, "Wewe unasemaje?" na mimi, mshauri, visigino vikagongana vyenyewe, nikasema, "Hapana afande, hapa panatosha." Mwenye ukumbi akashika kiuno. "Afande gani? Hapa hakuna afande, hapa kuna misumari." Akasema atasubiri niamue mwenyewe, akanipa karatasi ya maelezo ya kubandikwa pembeni ya kazi, niijaze niirudishe Ijumaa, na kuna mstari unaosema: Kazi yako jeshini.

Ukweli ni kwamba nilifurahi kukaa chooni. Kule hakuna ambaye angesoma. Maana Jumamosi ya ufunguzi mume wangu amewaalika ndugu zake wote, wifi akiwa wa kwanza, waje waone picha za malori. Ndiyo nikaingiwa na akili ya kuliondoa shuka, nikanunua rangi nikachora lori mbiombio. Mtu wa redio akaniuliza kama ni basi la shule. Mume wangu akalikuta sebuleni, akainama, akaanza, "Mama, hili lilikuwa linakata kona vipi? Matairi ya mbele hayana pa kugeukia. Na tangi la mafuta mbona liko juu ya bomba la moshi?" Nikasema ndivyo lilivyokuwa. Akanitazama, akafuta mikono kwenye kitambaa chake cha gereji, akasema, "Sawa, wewe ndiye dereva," akaenda kula.

Mshauri, nipeleke lori au shuka? Nikipeleka shuka wifi atacheka mpaka akae chini, mume wangu atadhalilika mbele ya ndugu zake, binti ataniona mwongo. Nikipeleka lori naona nitakuwa nimewatupa wale arobaini na watatu, amri nitakuwa nimeitekeleza leo. Nijibu upesi, gazeti linatoka Jumatano.

Ni mimi,
Dereva wa Kochini


MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, barua yako imeruka foleni ya watu kumi na wawili, na kuna bwana mmoja amesubiri tangu mwezi uliopita kujua kama amwoe mwalimu au mpishi, kwa hiyo nisikilize vizuri nisije nikamkosea bure.

Kwanza nimechoka. Nimesoma barua mara mbili nikasimama kunywa maji. Mwanamke umekaa miaka kumi na moja mahali ambapo watu wanakufa, leo unamwogopa wifi! Huyo wifi ameshika nini maishani mwake zaidi ya rimoti ya televisheni? Alikuuliza kama mlikuwa mnafua. Jibu lilikuwa ndiyo. Ungemwambia ndiyo, tena ungemwambia ulikuwa unafua nguo za nani, angemeza chai yake kimya kimya na wewe ungepumzika miaka yote hii.

Haya, sasa mumeo. Unaniambia Jumamosi atajua. Dada, huyo ni fundi wa magari! Anasikia injini ikikohoa mtaa wa pili anakuambia ni plagi. Amekuita kupiga rivasi mara mbili, ukampa macho, ukampa kiuno, hakuuliza tena. Umewahi kujiuliza kwa nini hakuuliza? Mtu anayeshinda gereji na madereva anakujua hujui kuendesha kwa namna unavyofunga mlango wa gari. Naweka sahihi yangu hapa: mumeo anajua, na amejua kabla binti hajazaliwa. Na ulichoandika mwenyewe bila kukiona ni kwamba sauti anaipandisha wifi akija. Yule bwana amekaa miaka yote akikulinda na dada yake. Na yeye namgombeza, maana angekwambia tu, mngecheka pamoja mkaendelea na maisha. Lakini alilitazama lile lori lako lisilokata kona, akafuta mikono, akakuachia cheo chako. Wanawake wangapi wananiandikia hapa wakiwa na mume wa namna hiyo? Nikuambie, hawajai kwenye bajaji.

Kwa hiyo acha kumsingizia mume. Anayeona aibu ya kufua ni wewe. Sajini wa jikoni alipika, anachonga mbao zake na amejitundika nafasi ya pili bila kuomba radhi. Wewe pekee ndiye unayeomba ruhusa ya kukaa chooni, halafu unaniandikia kulalamika kwamba umekaa chooni.

Utafanya hivi. Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, mumeo akirudi mkalishe mezani mchana kweupe, weka lile kopo la chai mbele yake, lifungue. Usianze na hotuba. Mweleze vile vitambaa ni nini, na habari ya lori itajieleza yenyewe. Binti awepo. Atanuna siku mbili kwa ajili ya insha yake, mwache anune, ana haki. Insha itoe kabatini umrudishie.

Lile lori mpe mumeo alitundike gereji wateja wacheke. Ukumbini lisiingie hata kwa bahati mbaya.

Kapteni mpigie simu. Usimwite afande, mwite kwa jina lake, analo. Mwambie unautaka ukuta wa mbele na milima yake isogee. Ukisikia visigino vinataka kugongana, vua viatu. Na mkimaliza, nyote watano mkatundue kila kitu mpange upya, maana aibu ya kujipanga kwa vyeo si yako peke yako na huyo Kapteni akitulia atacheka kuliko wote. Asipocheka, milima yake isogee hivyo hivyo.

Karatasi ijaze kwa kalamu ya wino. Kazi yako jeshini: dobi. Herufi nne tu, usitie "msaidizi wa huduma za mavazi" wala upuuzi mwingine wa ofisini. Wifi akicheka, mpeleke mbele ya shuka umwombe akusomee namba kwa sauti, moja moja, mpaka ya arobaini na tatu. Tuone atafika ya ngapi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako, ile ya kifungo, nimeirudia tangu asubuhi.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyekwenda jeshini. Walituletea begi lake. Ndani mlikuwa na shati lake la bluu, lile la kutokea siku za mapumziko, limefuliwa na kukunjwa, na kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa cha kijani. Mama yangu aligomba siku nzima, nani huyu ametia kifungo kibaya namna hii kwenye shati la mwanangu, hana macho? Nikachukua sindano nibadilishe. Akanipiga mkono. Kikabaki mpaka leo. Madobi wa jeshi ni wengi na sitaki kukubebesha shati usilolijua, ila miaka yote mimi nimeamini nguo zake zilipita kwenye mashine na mikono ya watu wasiojali, na hilo liliniuma kuliko mambo mengine ambayo nilipaswa kuumia nayo. Kumbe palikuwa na mtu amekaa na sindano, anatafuta kifungo, akakosa cha bluu.

Jumamosi nitakuja mapema, kabla ya wifi. Nitalivaa hilo shati, linanibana mabegani lakini nitalivaa. Sasa ole wako nifungue mlango wa ukumbi nikutane na milima.