Cheti cha Mwanakhamisi, Mkono wa Chiku

Jumamosi, 4 Juni 1955. Mbeya.
Binti yangu Mwanakhamisi na mumewe Isihaka wanakwenda kisiwani Ngazija kumwona mama yake Isihaka, ambaye ni mgonjwa sana. Leo nimewaeleza tena. Maji yachemshwe. Chandarua kila usiku. Kwinini wasiache, maana homa ya pwani humwangusha upesi mtu aliyekulia baridi yetu. Isihaka anapiga miayo — eti anakwenda kwao, haendi vitani. Kwao! Aliondoka huko ana miaka minne. Na barua ya mama yake inasema nyumba ya jirani watoto wawili wana ndui. Kisiwa kidogo, meli moja kwa mwezi, ukiugua umeugua. Nimekagua vyeti vya chanjo. Viwili, vina mihuri. Vizuri.

Alhamisi, 9 Juni. Iringa.
Nimewasindikiza hadi hapa, kwa rafiki yangu Ahmadi, mkabala na kituo cha basi.
Asubuhi Mwanakhamisi alikunja mikono ya gauni afue. Mkono laini! Aliyechanjwa wiki iliyopita lazima awe na kidonda, kisha gamba. Nikauliza. Akalia kwanza. Dresa wa Mbeya, mchanjaji wa zahanati, ni mwanamume. Isihaka hakutaka amguse mkewe. Basi wifi yake, Chiku, akaenda amejitanda baibui, akataja jina la Mwanakhamisi, akachanjwa yeye. Chiku, ambaye haendi popote!
Isihaka alijua. Anacheka. "Baba, bandarini watasoma karatasi, hawatasoma mkono."
"Na ndui itasoma nini?"
Akaenda kituoni kukata tiketi.
Nina hasira naye. Na nafsi yangu pia. Miaka thelathini nimefundisha watoto afya, halafu nakagua karatasi, mikono siitazami.

Ijumaa, 10 Juni.
Alfajiri nesi Juliana wa hospitali ya hapa amekuja hapa nyumbani, akamchanja mlango umefungwa. Dakika tano. Dakika tano tu! Nimemweleza Isihaka polepole, kama darasani: chanjo haikingi siku ile ile, yataka siku nane au zaidi. Atangulie yeye, mke apande meli ijayo. Anasema mama yake hana mwezi wa kungoja, na mke ni wake.
Naandika barazani. Cheti cha Mwanakhamisi kiko mfukoni mwangu; bila hicho hapandi meli. Amekidai mara mbili, sitoi. Sanduku la kwanza amelipandisha juu ya basi. Dereva anapiga honi. La pili amelikalia Mwanakhamisi. Mumewe anamwita — hainuki, anavua viatu.