Dada, Leo Nimemwandika Raya Yatima

Dada yangu Zuhura,

Nshainuka mara tatu tangu nikamate kalamu. Mara ya kwanza nilikwenda kuzima jiko ambalo nilishalizima. Ya pili nikafagia ukumbi uliokwisha kufagiwa, na ya tatu sijui hata nilifuata nini jikoni. Ungekuwepo ungenicheka, ungesema, "Kaa kitako wewe, una siafu nguoni?" Ninao, dada. Pana karatasi juu ya meza inangoja saini yangu, na ikifika Alasiri sijaitia, mwanao Raya hendi tena kusoma Marekani.

Ulimwacha hajaanza hata kusema sawasawa. Sasa ananipita kwa urefu, na kichwa chake cha masomo ni kile kile chako. Unakumbuka kule shamba Kizimbani, tulipokuwa na jozi moja ya viatu? Wewe ulisoma zamu ya asubuhi, mie ya mchana. Ulikuwa ukirudi mbio tunakutana njiani penye mikarafuu, wewe unavua, mie navaa, na ndani bado mna joto la miguu yako. Siku mwalimu alipokuzuia umalize hesabu nikachelewa, nilikupigia kelele mpaka ukalia. Mwaka uliofuata ukaacha skuli, ukasema umechoka kusoma. Muongo wewe. Ulitaka viatu vibaki kwangu. Sikukushukuru hata siku moja, niliona ni haki yangu.

Kwa hiyo Raya alipoanza kuomba vyuo vikuu vya Marekani, sikumzuia. Mume wangu alinung'unika kwamba vyuo viko hapa hapa, nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, amwache mtoto ainame. Akitoka skuli alikaa na simu mpaka macho yakawa mekundu, anajaza fomu, anaandika insha za maisha yake, kana kwamba mtoto wa miaka kumi na minane ana maisha ya kusimulia. Chuo kimoja kikamkubali. Tukapika biriani, majirani wakaja kutupa hongera.

Wiki ya pili ikaja barua ya ada. Zile si ada, dada, ni mahari ya binti wa mfalme. Wamelipigia hesabu duka la mume wangu la vitambaa pale Darajani, wakasema wazazi watoe fungu lao na chuo kitoe linalobaki. Kwa hilo fungu letu tungeuza duka, tukauza na nyumba hii ya hapa mtaani Amani, na mwaka wa pili tusingeufikia.

Mwalimu wake, Khamis, ndiye aliyeliona kosa. Kwenye fomu, penye mama, Raya ameandika jina langu, na penye baba la mume wangu. Hakukusudia kudanganya. Ndivyo nilivyomwandikisha mimi skuli tangu darasa la kwanza. Ubini wake hatukuugusa, dini haitaki, lakini nani mtaani kwetu anauliza mtoto katoka tumbo la nani? Mwalimu akaniita, akanieleza taratibu kwamba kule mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili hahesabiwi mali ya wanaomlea, chuo chenyewe humlipia. Zinatakiwa shahada za vifo, yako na ya mumeo, na barua yangu ya kukiri kwamba mimi si mama yake, ni mlezi tu, na kwamba Raya ni yatima.

Neno hilo, dada. Siku ile hospitali ulinishika kanga kwa ule mkono wako uliokwisha nguvu, ukaniambia, "Mtoto wako huyu. Nisisikie anaitwa yatima." Nikaapa. Kila Ramadhani wanapopita na daftari kuwaandika mayatima wa mtaa wapewe nguo za Idi, mimi huwawahi mlangoni, nawaambia hapa hapana yatima. Mwaka mmoja hali yetu ilikuwa mbaya, Raya akavaa Idi gauni langu nililolifumua na kulishona upya, na bado niliwafukuza. Walinuna, na mie nikanuna. Leo wa kumwandika ndiye mimi mwenyewe.

Jana mchana nilimwambia habari ya barua hiyo, nikidhani atafurahi. Kwamba ulimzaa wewe si siri, kaburini kwako tunakwenda sote. Lakini aliisukuma sahani, akasema hataki, atasoma hapa hapa, Marekani si peponi. Nikamfokea. Nikamwambia watu wanaililia nafasi kama hiyo na yeye analeta madeko. Akanitazama kwa macho yako yale.

"Mama, wewe ukiandika hivyo, mie siku nikirudi nitarudi kwa nani?"

Nikamwambia aoshe vyombo.

Tangu hapo situlii. Nimekasirika na chuo, na mwalimu, na mume wangu anayesema niamue mwenyewe. Nimekukasirikia hata wewe, Mungu anisamehe. Uliniachia mtoto na neno, na sasa neno linamzibia njia mtoto. Halafu nnajiuliza, ni kiapo kweli kinachonizuia, au nnaogopa tu? Miaka kumi na sita hapana aliyenitaka niandike kwa mkono wangu kwamba sikumzaa. Naogopa, dada. Naogopa kuliona limeandikwa.

Nimeiweka barua hii kando, nikaivuta ile karatasi, nikatia saini. Herufi za mwisho zimepinda. Raya akaja, akaisoma amesimama. Akaingia chumbani, akatoka na buibui langu.

"Haya, mama, vaa. Kuipeleka kwa mwalimu siendi peke yangu."

Yuko mlangoni sasa ananingoja, kanuna, na mie nnakuandikia haya ya mwisho haraka haraka. Kiapo nimekivunja, wala sitaki uniambie nimefanya vizuri. Hasira zako nitupie mimi zote, yeye umwache aende. Lile suali lake la jana nitamjibu njiani.

Mdogo wako,
Mama yake Raya