Lori la Alhamisi, Dada Zaituni

Dada Zaituni,

Huku Mundika mvua imekubali, mtama umeota vizuri. Paka wako amehamia kwangu na analala juu ya cherehani bila aibu. Nina habari ambayo ungekuwepo ningekimbia nayo mpaka dukani kwako, nawe useme, "Nekesa, kaa kwanza, unywe chai."

Ile kampuni ya malori ya Malaba ilikaribia kutuacha. Arobaini yako ilipopita tu, alikuja meneja mpya, Bwana Mutiso. Akaketi na sisi akina mama wa chama, akauliza, lakini kwa upole: "Kila Alhamisi tunawapa lori kupeleka watoto wenye shida ya miguu hospitali. Kampuni inapata faida gani? Wakubwa wangu wakiniuliza, niseme nini?" Akapendekeza bango la kampuni langoni, na watoto wapigwe picha na vyuma vyao vya miguu.

Nilikukumbuka, dada. Yule meneja aliyemtangulia ulimwambia, "Watoto wa watu si bango, bwana," kisha ukamjazia sahani ya pilau asikasirike. Mimi sina ulimi huo. Nilisema tu, "Bosi, njoo Alhamisi upande lori nasi."

Akaja, viatu vinang'aa, na barabara ni tope tupu. Dereva wetu Barasa alikuwa anawapandisha watoto mmoja mmoja. Meneja akatazama kidogo, halafu akanyoosha mikono akampokea Amoit. Unamjua Amoit! Alimshika tai na hakuiachia mpaka hospitali ya Alupe.

Njiani meneja akamwuliza Barasa kama kazi hii haimchoshi. Barasa akacheka. Akasema madereva wanagombania zamu ya Alhamisi, na yeye mwenyewe aliitwa kazini Tororo, Uganda, mshahara mzuri kuliko huu, akakataa. "Hawa ningewaachia nani?" Mutiso akamgeukia mama Amoit: "Na nyinyi, tukiondoka mtakosa nini?" Nilidhani atasema lori. Akasema, "Zamani nilikuwa namficha ndani. Lori likaanza kupiga honi mlangoni, majirani wakatoka kutazama. Sasa wanamsalimia kwa jina. Hicho ndicho nitakachokosa."

Na siku hiyo hiyo, dada, Amoit alitoka kwenye benchi la hospitali akashika ukuta, akatembea peke yake mpaka mlangoni. Mama yake alikaa chini sakafuni. Meneja alitoa kitambaa akajifanya anafuta viatu.

Hatukupata yote. Tangu mambo ya upande wa Uganda yaharibike, mpaka unafungwa na kufunguliwa, malori yamebaki machache. Watatupa lori Alhamisi moja, nyingine tunaruka. Bango hakuna. Na zile Alhamisi za kuruka, Barasa ameazima pikapu ya shemeji yake; madereva wenzake wanachangia mafuta bila kuombwa na mtu.

Siku ya mazishi tulibaki nyumbani, sisi wanawake, wanaume wakakubeba. Nilitaka kukwambia kitu nikakosa mahali pa kukisemea. Basi nakisema hapa: nilikuwa na dada wa tumbo moja watatu, na hakuna aliyenijua kama wewe.

Akina mama wamenichagua nishike nafasi yako ya kuongoza chama. Naogopa. Nimekubali.

Mungu akupe usingizi mwema, dada yangu. Hakuna mtoto atakayefichwa ndani nikiwa hai. Yule atakayekosa nafasi kwenye pikapu, nitambeba mgongoni.

Mdogo wako,
Nekesa