Hatua Ishirini na Mbili

Dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi toka Chake Chake. Siku ya tisa leo narekodi filamu yangu ya mji huu, kwa kamera niliyoinunua kwa miaka minne ya kushona kwa cherehani, na nikigusa siasa tu watu wananijibu bei ya karafuu! Leo mzee mmoja wa hapa, Mzee Faki, kaniambia, "Siasa sisemi. Nirekodi nimsalimu kaka yangu."

Kaka mwenyewe anakaa baraza ya ng'ambo ya barabara, hatua ishirini na mbili. Hawasemezani tangu uchaguzi. Nikamrekodi Mzee Faki, nikampelekea kaka yake kamera, akaitazama salamu mara mbili.

"Mbona kakonda hivi?"

Akainuka na kikombe chake cha kahawa, akavuka. Nami nikasahau kurekodi!

Kula vizuri, dada, nisije nikakukuta umekonda.

Mdogo wako,
Salim