Masale Chini ya Mparachichi

Chanji,
S.L.P. 214,
Sumbawanga.
8 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua na baridi yetu. Hujambo? Wifi Edith na watoto wameshalizoea joto la Mtwara? Sisi tunaendelea vizuri, na mahindi yameanza kubeba.

Najua unaumia Mama anapokataa kuonekana kwenye simu. Hajakukasirikia. Tangu kiharusi kimlegeze upande wa kushoto, anaona haya kutazamwa. Daktari alimwambia afanye mazoezi ya kutembea uani kila siku, lakini unajua njia ya watu inavyopita karibu na kwetu. Mwezi wa kumi aliteleza akaanguka, na jirani yetu mpya Tusekile, mama mmoja wa kutoka Mbeya, akakimbia kumwinua. Tangu hapo Mama akawa hatoki. Analala amegeukia ukuta, nami nalia jikoni asinisikie.

Nikaamua kupanda ua wa kumkinga na macho ya wapita njia. Baba mdogo Polikarp alitaka michongoma, lakini niliogopa Mama akiyumba ataangukia miiba. Minyaa nayo, utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Tukapanda misaiprasi. Kivuli cha ule mparachichi wa uani kikaishinda, ikawa njano na kupukutika. Kuukata mti Mama hakutaka kusikia, maana aliupanda marehemu Baba.

Hapo ikabidi nimweleze Tusekile sababu ya ua huo, nikihofia atadhani tunamkimbia yeye. Akasema, "Mama yangu naye alikuwa hivyohivyo. Hata mimi binti yake hakutaka nimwone."

Kesho yake alikuja na mzigo wa vipande vya masale, ile mimea ya majani marefu, alivyokata kwenye mpaka wa kiwanja chake. Alisema kwao hupandwa hata migombani, hayana shida na kivuli. Tulichimba mtaro pamoja, tukachanganya samadi na udongo, tukavipanda mistari miwili, karibukaribu ili yakikua yazibe. Mama alikuwa anatuchungulia dirishani.

Yameshika yote, ila bado ni mafupi, hayafiki hata magotini. Juzi narudi kutoka misa, nikamkuta Mama yuko nje na fimbo yake, anatembea kandokando ya mstari akitazama machipukizi. Watu wanapita, wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia huku anaburuta mguu. Nikamwambia taratibu kwamba ua wenyewe bado haujamficha.

Akanijibu, "Naona. Mwambie Valerian aje anione. Asingoje ukue."

Basi njoo, mdogo wangu, ukipata ruhusa kazini. Baba mdogo Polikarp anakusalimu sana, na Tusekile pia, ingawa hamjuani. Wabusu watoto kwa niaba ya bibi yao. Mungu awafungulie njia mfike salama.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,

Coleta